Makumbusho madogo ya Dar es Salaam na Pwani

Makumbusho madogo ya Dar es Salaam na Pwani ni nyumba za kihistoria, majengo ya kale, magofu na mikusanyo ya vitu iliyopo katika jiji la Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, nje ya jumba kuu la Makumbusho ya Taifa. Baadhi husimamiwa na serikali, mengine na kanisa au vyama vya wataalamu. Karibu yote yanafikika kwa safari ya siku moja kutoka Kibaha au Kisarawe.

Makumbusho hayo hutofautiana na jumba kuu kwa jambo moja la msingi: mengi yapo mahali palepale ambapo historia inayosimuliwa ilitokea, na karibu na watu ambao bado wanajua matumizi ya vitu vinavyoonyeshwa.

## Jina na maana

Neno "makumbusho" limetokana na kitenzi *kumbusha*. Lugha nyingi za Ulaya hutumia neno lenye asili ya Kigiriki, *mouseion*, yaani mahali pa miungu ya sanaa na elimu. Kwa Kiswahili msisitizo uko kwenye kazi yenyewe: ni mahali panapomkumbusha mtu. Kwa sababu hiyo neno hilo hutumika pia kwa minara na sanamu za ukumbusho.

Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha tafsiri mpya ya neno hilo katika mkutano wake wa Prague mwaka 2022. Kwa mujibu wa tafsiri hiyo, makumbusho ni taasisi ya kudumu isiyotafuta faida, inayoihudumia jamii kwa kutafiti, kukusanya, kuhifadhi, kufafanua na kuonyesha urithi unaoshikika na usioshikika. Ukubwa wa jengo hautajwi. Chumba kimoja chaweza kuwa makumbusho, mradi kazi hizo zinafanyika.

## Historia

Sheria ya kulinda majengo ya kale ilitungwa Tanganyika mwaka 1937, wakati wa utawala wa Waingereza. Mwaka 1940 jumba la makumbusho lilifunguliwa Dar es Salaam kwa ukumbusho wa mfalme George V wa Uingereza. Ndilo chimbuko la Makumbusho ya Taifa yaliyopo katika Mtaa wa Shaaban Robert.

Mwaka 1957 ilianzishwa idara ya mambo ya kale chini ya mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kaole na baadaye Kilwa. Baada ya uhuru ilitungwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mwaka 1980 Bunge lilipitisha sheria iliyounda shirika la Makumbusho ya Taifa la Tanzania.

Tangu hapo kumekuwa na njia mbili za usimamizi. Makumbusho ya Taifa hutunza mikusanyo na nyumba za maonyesho, ilhali magofu na maeneo ya kihistoria yamekuwa chini ya mamlaka za mambo ya kale na, miaka ya karibuni, taasisi za uhifadhi. Ndiyo maana mgeni anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hukuta wasimamizi tofauti kila kituo.

## Dar es Salaam

### Boma la Kale

Boma la Kale lipo mkabala na bandari. Lilijengwa miaka ya 1866–1867 wakati wa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar, ambaye alitaka kuufanya mji huo kuwa makao yake bara. Jengo lilikuwa la wageni wa sultani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zilibebwa na boriti za mikoko. Majid alifariki mwaka 1870, na mji ukadorora hadi Wajerumani walipouhamishia makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891.

Baada ya ukarabati, Boma limekuwa kituo cha urithi wa usanifu majengo kinachojulikana kwa kifupi cha DARCH. Maonyesho yake yanahusu ukuaji wa jiji lenyewe: mitaa, nyumba za Waswahili, majengo ya Kijerumani, maduka ya Wahindi na majengo ya baada ya uhuru. Kwa mji ambao majengo ya kale yanabomolewa kupisha maghorofa, picha na ramani hizo ndizo kumbukumbu pekee ya baadhi ya mitaa.

### Kijiji cha Makumbusho

Kijiji cha Makumbusho kilianzishwa miaka ya 1960 kando ya Barabara ya Bagamoyo, na leo ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa. Kata ya Makumbusho na stendi ya daladala iliyopo jirani zimepata jina kutokana nacho. Maelfu ya abiria hulitaja jina hilo kila siku bila kuwahi kuingia ndani.

Kijiji ni makumbusho ya wazi. Humo zimejengwa nyumba za asili za makabila mbalimbali ya Tanzania kwa ukubwa wake halisi. Mtazamaji anaweza kulinganisha jinsi hali ya hewa ilivyoongoza ujenzi:

- Msonge wa Wahaya ni nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi hadi karibu na ardhi. Unafaa mvua nyingi za Kagera.
- Tembe la Wagogo ni nyumba ya pembe nne yenye paa bapa la udongo. Linafaa Dodoma, mahali penye mvua chache na miti michache mirefu.
- Banda la pwani, kama la Wazaramo, lina kuta za miti na udongo na paa la makuti. Hupitisha hewa wakati wa joto.

Nyumba za namna hiyo hazidumu. Mchwa hula miti na mvua huozesha nyasi, hivyo lazima zijengwe upya kila baada ya miaka kadhaa. Kwa hiyo kinachohifadhiwa hasa ni ufundi wa kujenga. Akikosekana mjenzi anayejua kufunga paa la msonge, nyumba inaweza kubaki jina tu. Kijijini hufanyika pia ngoma za asili, na jamii mbalimbali hualikwa kuonyesha vyakula na mila zao.

### Nyumba ya Mwalimu Nyerere, Magomeni

Nyumba hii ndogo ya kawaida ilikuwa makazi ya Julius Nyerere baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955. Ndani yake kuna samani na picha za kipindi cha kudai uhuru. Thamani yake kubwa ni kipimo: mgeni huona vyumba vyenyewe vilivyotumiwa na kiongozi wa TANU wakati chama hicho kikienea nchini. Hakuna maandishi yanayoweza kueleza udogo wa nyumba hiyo vizuri kuliko kusimama ndani yake.

### Magofu ya Kunduchi

Kaskazini mwa jiji, Kunduchi, kuna magofu ya msikiti na makaburi ya Waswahili wa zamani. Baadhi ya makaburi yana nguzo ambazo zilipambwa kwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, zilizopachikwa kwenye chokaa. Mahali pengi sahani zimeng'olewa na kubaki tundu la duara. Tundu hilo nalo ni ushahidi: linaonyesha ukubwa wa chombo kilichokuwepo na linaeleza wizi wa vitu vya kale.

## Kisarawe

Wilaya ya Kisarawe ipo kusini-magharibi mwa Dar es Salaam, kwenye vilima vya Uzaramo. Historia yake imetawanyika katika shule, misheni, misitu na nyumba za watu.

### Pugu, Minaki na Maneromango

Wamisionari Wabenedikto kutoka Ujerumani walianzisha kituo chao Pugu mwaka 1888. Tarehe 13 Januari 1889 kituo kilishambuliwa wakati wa vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani. Wamisionari watatu waliuawa na wengine wakatekwa. Baadaye Pugu ilikuwa na shule maarufu ya Mtakatifu Fransisko, ambayo leo ni Shule ya Sekondari Pugu. Nyerere alifundisha hapo baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952. Mwaka 1953 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kikawa TANU. Mwaka 1955 alitakiwa kuchagua kati ya siasa na ualimu, akaacha kazi. Jina la "Mwalimu" alibaki nalo maisha yake yote. Kwa mipaka ya sasa shule hiyo ipo upande wa Dar es Salaam, lakini kihistoria Pugu ni sehemu ya vilima vya Kisarawe.

Minaki ilikuwa kituo cha misheni ya Kianglikana ya UMCA. Chuo cha Mtakatifu Andrea kilihamishiwa hapo kutoka Kiungani, Zanzibar, katika miaka ya 1920, na leo mahali hapo pana Shule ya Sekondari Minaki. Maneromango ilikuwa kituo cha Walutheri tangu miaka ya 1890. Eneo hilo liliguswa pia na Vita vya Majimaji mwaka 1905. Kibasila, kiongozi wa Wazaramo aliyenyongwa na Wajerumani katika vita hivyo, anakumbukwa kwa jina la shule ya sekondari ya Kibasila jijini Dar es Salaam.

### Mwana hiti

Kitu cha Uzaramo kinachojulikana zaidi katika makumbusho ya dunia ni mwana hiti, sanamu ndogo ya mti. Ina kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono, matiti na kitovu vilivyochongwa kwa ufupi, na kichwa chenye mtindo wa nywele wenye matuta, mara nyingi mawili. Umbo hilo hupatikana pia kwenye fimbo, viti, ala za muziki na nguzo za makaburi za Wazaramo na majirani zao kama Wakwere na Waluguru.

Mwana hiti alikabidhiwa kwa mwali, yaani msichana aliyevunja ungo, wakati alipowekwa ndani kufundwa. Mwali alimtunza kama mtoto: alimwogesha, alimpaka mafuta na kumtengeneza. Sanamu ilihusiana na uzazi na mwendelezo wa ukoo, na iliweza kurithishwa.

Sanamu nyingi za aina hii zilichukuliwa Ulaya wakati wa ukoloni na baadaye kupitia wafanyabiashara wa sanaa. Katika makabati ya huko mara nyingi ziliandikwa kwa kifupi kuwa ni "mwanasesere" kutoka Afrika Mashariki. Maelezo ya namna hiyo yanaacha jambo kuu. Mwanasesere ni wa kuchezea, ilhali mwana hiti alikuwa na kazi katika malezi, na aliyejua kazi hiyo ni somo au kungwi aliyemfunda mwali. Sanamu inaweza kukaa miaka 100 kwenye kabati bila kuharibika, lakini maarifa ya kungwi huondoka naye asipoulizwa. Hapa ndipo umuhimu wa mkusanyo mdogo wa mahali unapoonekana: maswali yanaweza kuulizwa wakati wenye majibu wapo hai.

Mjadala kuhusu vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni umekua. Tangu mwaka 2016 Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin yamefanya utafiti wa pamoja na wataalamu wa Tanzania kuhusu asili ya baadhi ya vitu hivyo, vikiwemo vya Vita vya Majimaji. Mwaka 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alitembelea Makumbusho ya Majimaji Songea na kuomba radhi kwa matendo ya utawala wa Wajerumani.

## Kibaha

Kibaha ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, kando ya barabara kuu ya Morogoro. Historia yake inayoonekana zaidi ni ya baada ya uhuru. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki, ukiwa na shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Lengo lilikuwa kupambana kwa pamoja na maadui watatu waliotajwa sana wakati huo: ujinga, maradhi na umaskini. Mradi ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania tarehe 10 Januari 1970.

Mwaka 2022 Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere ilifunguliwa Kwa Mfipa, Kibaha. Ilijengwa kwa ushirikiano wa vyama sita vilivyoongoza ukombozi kusini mwa Afrika: CCM, ANC, FRELIMO, MPLA, SWAPO na ZANU-PF, kwa msaada wa Chama cha Kikomunisti cha China.

Historia ya karne ya 20 husahaulika kwa urahisi kwa sababu vitu vyake vinaonekana vya kawaida. Daftari la mahudhurio, sare ya shule, mashine ya chapa, jembe la ng'ombe au picha ya mahafali hutupwa ofisi inapohama, wakati gae la udongo la karne ya 13 hulindwa kwa sheria. Hata hivyo vitu hivyo vya kawaida ndivyo vinavyoeleza jinsi taifa jipya lilivyojengwa.

## Bagamoyo

Bagamoyo, takriban km 70 kaskazini mwa Dar es Salaam, ndiyo yenye makumbusho madogo mengi zaidi mkoani. Mji ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Ujiji, na kupitia hapo zilisafirishwa pembe za ndovu na watu waliotekwa utumwani. Tangu mwaka 2006 njia hiyo imo kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia wa UNESCO.

### Makumbusho ya Misheni Katoliki

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watumwa waliokombolewa. Makumbusho yapo katika nyumba ya zamani ya masista iliyojengwa mwaka 1876, na yanaonyesha picha, minyororo na kumbukumbu za biashara ya watumwa na misheni.

Karibu yake kuna mnara wa kanisa la kwanza. Mwili wa David Livingstone, aliyefariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, uliletwa hapo mwezi Februari 1874. Uliletwa kwa miguu na wenzake wa safari, wakiongozwa na Chuma na Susi, kwa mwendo wa miezi kadhaa. Livingstone alizikwa London katika kanisa la Westminster Abbey. Waliombeba hawakupata sifa iliyolingana na kazi yao kwa muda mrefu, na mnara huo unawakumbusha wao pia.

Katika viwanja vya misheni kuna mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo kinachochomoza kwenye shina. Kwa mapokeo ya misheni, mnyororo ulikuwa wa kufungia punda wa Bi Chevalier mwishoni mwa karne ya 19, ukasahauliwa na mti ukaumeza ulipokuwa ukinenepa. Wageni wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa. Mfano huo hutumika kuonyesha jinsi kitu kisicho na maelezo kinavyoweza kupewa historia isiyo yake.

### Karavanserai na Ngome Kongwe

Karavanserai ilikuwa mahali pa kupumzikia misafara. Leo ni makumbusho ya biashara ya misafara na ya wapagazi waliobeba mizigo kichwani na mabegani. Ngome Kongwe ilijengwa karibu mwaka 1860 kama nyumba ya tajiri Mwarabu, ikawa ya sultani, kisha ya askari wa Kijerumani, halafu gereza na ofisi. Jengo moja hivyo hueleza tawala zote zilizopita mjini.

### Kaole

Magofu ya Kaole yapo takriban km 5 kusini mwa Bagamoyo. Kuna misikiti miwili, mmoja ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi zaidi ya 20, baadhi yakiwa na nguzo ndefu. Jumba dogo la maonyesho lina kauri za China, shanga na vyombo vilivyochimbuliwa. Mikoko iliziba bandari ya kale na bahari ikawa mbali na mji, sababu mojawapo inayotajwa ya kuhamia Bagamoyo. Kaburi la Sharifa bado hutembelewa na watu wanaoomba dua. Kaole kwa hiyo ni mahali pa utafiti na pia mahali pa ibada, na wasimamizi hulazimika kuheshimu yote mawili.

## Uhifadhi

Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu. Chuma hupata kutu, karatasi huota ukungu, na mchwa hula mti. Majengo ya matumbawe hudhoofika maji yakiingia kupitia paa. Hatari hiyo ilionekana Zanzibar tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka wakati wa ukarabati na watu wakapoteza maisha.

Mikusanyo midogo, ikiwemo ya shule, huhitaji kwanza daftari la mapokezi kabla ya makabati. Kila kitu hupewa namba, na huandikwa:

1. jina lake kwa lugha ya wenyeji na kwa Kiswahili;
2. aliyekitoa na tarehe ya kupokelewa;
3. mahali kilipotumika;
4. kazi yake, kama alivyoieleza aliyekitumia;
5. hali yake kilipopokelewa.

Kitu kisicho na kumbukumbu hizo hupoteza sehemu kubwa ya thamani hata kikitunzwa vizuri. Vitu vya kale vilivyo ardhini havipaswi kuchimbwa na watu binafsi. Sheria huhitaji kibali.

## Ulinganisho na nchi nyingine

Makumbusho madogo yenye mambo ya pekee ni maarufu katika miji mikubwa ya Ulaya. London kuna nyumba ya msanifu John Soane, iliyolindwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1833 ili ibaki kama alivyoiacha. Paris kuna makumbusho ya mifereji ya maji machafu ndani ya mifereji yenyewe. Zagreb, Kroatia, tangu mwaka 2010 kuna makumbusho ya mapenzi yaliyovunjika, yenye vitu vilivyotolewa na watu wa kawaida pamoja na maelezo yao. Yote hayo yanafanana na nyumba ya Magomeni au mbuyu wa Bagamoyo kwa jambo moja: kitu cha kawaida hupata uzito kikibaki mahali pake, na hadithi yake ikiwa imeandikwa.

## Tazama pia

- Makumbusho ya Taifa la Tanzania
- Vita vya Majimaji
- Wazaramo
- Kaole
- Bagamoyo
- Mkoa wa Pwani